Mbwa Mlangoni kwa Muadhini

Shinyanga, 19 Julai 1937

Kwa Jilala Masele, Msukuma aliyeona gari-moshi akauliza linakula nyasi gani,

Salamu sikupi, kwa kuwa hukuaga. Jana alfajiri nilitoka kwenda kuadhini, nikajikwaa mlangoni pangu kwenye kitu nilichodhani ni gunia. Gunia likanilamba mguu. Ikabidi nirudi ndani niuoshe mguu mara saba, mara moja kwa udongo, kama dini inavyotaka, na kwa mara ya kwanza tangu nipewe kazi ile watu wa mji huu waliamshwa na jogoo. Sheikh Akida aliniuliza kama naumwa.

Jirani alikuona. Anasema ulimfunga huyu mbwa wako Waseme kwenye nguzo ya baraza, ukamkuna masikio, kisha ukalikimbilia lori la Mwanza huku umeshika kofia. Mtu mzima, mwindaji wa kutajwa, anakimbia kama mwizi wa kuku! Na kile kikaratasi ulichomfunga shingoni: "Mtani, nitunzie amana yangu. Narudi kabla ya mfungo." Ungekuwa mtu mwingine ningekupeleka bomani. Lakini mimi Mzaramo na wewe Msukuma, na mtani akikubwagia mzigo huna pa kushtaki. Ulilijua hilo vizuri sana, ndiyo maana hukumpelekea Mkristo mwenzako.

Na ni mbwa gani huyu uliyeniletea? Mimi nilimjua alipokuwa akirudi na wewe kutoka porini kifua mbele. Sasa kuinuka kwake ni kesi nzima. Anatanguliza miguu ya mbele, anafikiri, anaivuta ya nyuma, anafikiri tena, halafu anasimama akitetemeka. Akishatembea kidogo viungo vinalainika. Akilala, kesi inaanza upya. Na jina lenyewe, Waseme! Ulimpa ili kuwakera majirani zako, sasa majirani wanaosema ni wangu.

Mke wangu Mwasiti ameingiza mitungi yote ya maji ndani, na amesema kati ya yeye na mbwa nichague mapema, asije akachagua yeye.

Njoo umchukue.

Zamoyoni bin Sabiti,
fundi cherehani na muadhini, mtani wako kwa bahati mbaya


Machimboni, Geita, 6 Agosti 1937

Mzaramo,

Barua yako imefika ikinuka nazi. Nimeisoma mbele ya kambi nzima tukacheka, hasa pale uliposema ulimjua Waseme akitoka porini. Wewe na pori mmejuana wapi? Watu wa kwenu huuza shamba ili wacheze ngoma, wakimaliza ngoma wanauliza shamba liko wapi.

Hapa nimepata Mzungu mwenye machimbo yake, ananilipa niwawindie watu wake nyama. Hao wachimbaji usiwaulize. Wanatoboa ardhi kama panya, na kila mmoja ana hakika kwamba shimo lake ndilo lenye dhahabu. Jioni wanakula nyama yangu wakinieleza magari watakayonunua, na viatu hawana.

Waseme usimdharau. Ngiri aliponivunja mguu kule Masumbwe, alinilalia juu mpaka kukacha, fisi wakituzunguka. Wewe ungekuwepo ungewaadhinia.

Sasa sikiliza. Hapo kwenu kuna bwana mifugo, yule Mzungu wa ng'ombe. Mpeleke. Wazungu wanawaelewa mbwa kuliko wanavyotuelewa sisi. Lolote atakaloamua, na liwe. Akisema hakuna dawa, mimi sitakulaumu hata kidogo. Bunduki anayo, ruhusa anayo, na mkono wake hautetemeki. Nakwambia mapema usije ukapata shida ya moyo, ingawa nasikia moyo wa fundi cherehani ni kifungo tu.

Kuja nitakuja. Kabla ya mfungo, nimesema.

Jilala


Shinyanga, 27 Agosti 1937

Kwa mla ugali wa debe,

Nimempeleka. Nataka ujue nilivyompeleka, ili siku ya hukumu usije ukasema hukuambiwa. Kutembea mpaka kwa bwana mifugo hawezi, kumbeba mimi siwezi, kwa hiyo niliazima mkokoteni wa Mhindi ninayeshonea barazani kwake. Nikatandika magunia, nikampakia, nikausukuma mji mzima nikiwa na kanzu na kofia yangu. Wanawake waliokuwa kisimani walipiga vigelegele. Mmoja aliuliza kama ndiyo bibi harusi. Mbwa wako alikaa mbele akitazama kulia na kushoto kama liwali anayekagua soko.

Kule tukapokewa na Stanslaus, msaidizi wa daktari, kijana mwenye soksi ndefu kuliko akili. Aliniuliza kabila la mbwa. Nikamwambia Msukuma, ndiyo maana hasikii. Akaandika.

Daktari mwenyewe si mtu wa maneno. Alimlaza, akamkunja mguu, akaukunjua, akaweka sikio karibu na nyonga kama anayesikiliza saa mbovu. Kisha akazungumza Kiingereza kirefu na Stanslaus, na Stanslaus akanitafsiria kifupi. Imenibidi nirudi mara mbili zaidi, kwa kuwa daktari huyu ni msahaulifu, lakini maagizo ninayo. Ni uzee, viungo vimelika. Havitarudi vilivyokuwa, ila vinaweza kutunzwa. Kwanza apunguzwe chakula, maana ulimnenepesha kama unamwoza, na kila ratili ya mafuta miguu ndiyo inayoilipia. Asilale kwenye saruji wala penye unyevu. Kucha zikatwe, zimemfanya akanyage vibaya. Atembezwe asubuhi na jioni, kidogo kidogo, kwenye mchanga laini, na akisimama asilazimishwe. Penye maumivu pakandwe kwa chumvi iliyopashwa moto ndani ya kitambaa, kisha mafuta ya mbarika.

Kwa hiyo mimi, niliyezaliwa na watu wanaojua tofauti ya tohara na najisi, nimemshonea mbwa godoro la pumba za mpunga. Nimeshona pia mifuko miwili ya mikono kwa turubai, namkandia humo. Wateja wanadhani nimepata ugonjwa wa ngozi.

Mfungo unaingia Novemba. Nahesabu.

Zamoyoni


Geita, 14 Septemba 1937

Mzaramo mwenye mifuko,

Barua nimepata. Wabeja, yaani ahsante, kwa kuwa kwenu hilo neno halijafika.

Ila unanizungusha. Umeniandikia chumvi, pumba na kucha. Mimi nimekuuliza daktari amesema nini. Mtu hamwiti Mzungu wa bunduki ili afundishwe kukanda. Kama alisema neno jingine, liseme, mimi si mtoto. Na hayo mafuta ya mbarika unayapotezea nini kwa mnyama ambaye umri wake umekwisha? Kwetu mwindaji akifika hapo hujua la kufanya.

Safari yangu imesogea kidogo. Nyama inatakiwa sana.

Jilala


Shinyanga, 10 Oktoba 1937

Kwa Jilala, anayesogeza safari kama mbwa wake anavyosogeza makalio,

Daktari amesema niliyokuandikia. Usinichimbe, machimbo yako Geita.

Sasa usikie yaliyonipata. Ijumaa iliyopita wazee watatu wa msikiti walinijia barazani, Sheikh Akida mbele, na nyuma yao Feruzi wa Ujiji, ambaye si mzee na hakuitwa. Feruzi anaitamani adhana yangu tangu alipokuja mji huu. Ana sauti ya mbuzi aliyefungwa kamba fupi.

Sheikh akaniuliza, "Zamoyoni, mbwa huyu ana kazi gani nyumbani kwako?"

Nikamjibu, "Ni mbwa wa kuwinda, Sheikh. Wa kuwinda ameruhusiwa, na wa mifugo, na wa shamba."

"Lini amewinda?"

Feruzi akadakia, "Hata nzi wa puani pake hajamwinda."

Mdomo wangu, mtani, umenilisha miaka yote lakini siku ile uliniuza. Nikasema njooni kesho baada ya alasiri mkamwone. Walikuja na nusu ya mji. Nilikuwa nimemkanda tangu mchana, na alitembea vizuri mpaka mashambani, nakuapia, wote walishangaa. Watoto wakamtimua sungura kichakani, akapita mbele ya pua ya Waseme, karibu kiasi cha kumpiga kofi. Mbwa wako akamtazama. Kisha akaketi, polepole, upande mmoja kwanza na mwingine baadaye, kama mtu aliyefika alikokuwa akienda. Hata Sheikh Akida alicheka, naye si mtu wa kucheka.

Lakini akaniambia kando, bila kicheko, kwamba ruhusa ni ya mbwa wa kazi na huyu hana kazi. Akaniuliza kwa nini simwondoi. Nikamwambia ni amana, mwenyewe anarudi, na amana haitupwi. Hilo alilikubali. Amenipa mpaka Idi. Siku ya Idi mbwa akiwa bado kwangu, adhana atapewa Feruzi.

Sitaki unijibu kwa barua. Nijibu kwa miguu. Panda lori, njoo. Hali yake ni nzuri kuliko ulivyomwacha, anainuka bila kufikiri sana. Utamkuta anatembea.

Zamoyoni


Shinyanga, 9 Novemba 1937

Kwa shemeji Jilala,

Hujambo? Mimi Mwasiti, mke wa Zamoyoni. Mume wangu hajui kama nakuandikia, na akijua atasema nimemvua nguo.

Mimi mbwa simpendi, na wewe kwa sasa sikupendi pia. Tukishakubaliana hapo, twende mbele.

Zamoyoni amekuficha jambo. Ile siku ya kwanza daktari alisema mbwa apigwe risasi. Hakuzungusha. Alikwisha kumwambia yule wa soksi akalete bunduki. Mume wangu akampakia tena kwenye mkokoteni akaondoka, na wiki iliyofuata akarudi na mbwa yuleyule kama vile hawajawahi kuonana. Na tena ya tatu. Daktari alipoona huyu mtu hachoki, ndipo akampa yale maagizo ya chumvi na kutembeza. Ulipouliza kwa barua, Zamoyoni aliniambia, "Yuko peke yake kule, nikimwandikia habari ya risasi atavunjika moyo." Huyo ndiye anayekutukana kila siku.

Tumeanza mfungo. Anaamka kabla ya daku anamkanda yule mbwa mapaja, anadhani nimelala. Mchana anashona na kiu yake. Watu wameanza kupeleka nguo kwa fundi mwingine. Hayo yote anayabeba, ila akinyang'anywa adhana hataweza kubeba hilo, shemeji, namjua. Baba yangu alikataa posa yake mara mbili, kwamba fundi hana mbele wala nyuma. Alipomsikia akiadhini ndipo akakubali. Hana kitu kingine cha kujivunia duniani, na Feruzi amekwisha kushonesha kanzu mpya.

Njoo kabla ya Idi. Hata kama hukupata ruhusa, toroka. Kukimbia unajua.

Mwasiti binti Ramadhani


Geita, 20 Novemba 1937

Kwa shemeji Mwasiti,

Shikamoo kwa wote nyumbani. Nimesoma.

Kama daktari alisema hivyo tangu siku ya kwanza, basi daktari ndiye anayejua. Mwambie Zamoyoni asijisumbue tena. Ampeleke, amwachie Mzungu, arudi akaadhini. Mimi sitasema neno. Sina haja ya kuletewa habari ilivyokuwa.

Machimbo hayaniachii kwa sasa.

Jilala Masele


Shinyanga, 8 Desemba 1937

Kwa Bwana Jilala Masele,

Salaam. Natumaini barua hii itakukuta katika afya njema, wewe na wote ulio nao. Sisi hatujambo, tumeshukuru.

Nakuarifu kwamba siku mbili kabla ya Idi alifika barazani mtu aitwaye Theonest, mchuuzi wa samaki wa Nkome, ambaye huuza katika kambi yenu. Alitaka nimfupishie suruali. Alipogeuka akamwona mbwa amelala kwenye godoro lake, akaruka mpaka kwenye cherehani. Akaniuliza, "Huyu si Waseme wa Jilala? Huyu si marehemu?"

Nilimkalisha nikamwomba anieleze. Akasema mwezi wa Julai ulifika kambini bila mbwa ukasema amekufia mikononi njiani. Wachimbaji walikuonea huruma. Walipika pombe, wakakesha nawe, na Theonest mwenyewe alileta sato wawili wa matanga. Alisema ulilia sana. Alisema sasa una mbwa wawili vijana, wazuri, na kwamba lori la Mwanza hutoka hapo kila Jumatano na huwa halijai.

Mwasiti naye akanionyesha ulichomjibu. Kwa hiyo nimeelewa, Bwana Jilala, ingawa nimechelewa. Habari ya bunduki ulianza nayo tangu barua ya kwanza, mimi nikaisoma kama ujasiri. Hukumfunga mbwa mlangoni kwa muadhini kwa sababu ulimtakia mtunzaji. Ulijua muadhini hawezi kukaa na mbwa hata wiki. Ulitaka mtu wa kumuua wewe ukiwa mbali, na dhambi ibaki kwake. Katika watu wote wa Shinyanga, uliyemfikiria kwamba anaweza ni mimi. Hilo limeniuma kuliko yote. Ya adhana nitayazoea.

Baba yako, kama ulivyonisimulia, mbwa wake alipofika mwisho alimmaliza mwenyewe kwa mkuki akalia mbele ya watu. Ungefanya hivyo ningekuheshimu. Ungemlea vilevile ningekuheshimu. Wewe ulipita katikati ukanywa pombe ya matanga ya mbwa aliye hai.

Siku ya Idi Sheikh Akida alikuja tena. Nilimweleza ukweli, kwamba mwenyewe harudi na alikuwa hana nia ya kurudi, kwa hiyo huyu si amana. Akafurahi, akasema, "Basi kizuizi kimeondoka, mwondoe leo hii." Nikamwambia, "Sheikh, nilipokuwa na amana nilikuwa na hoja. Sasa sina hoja, na mbwa ni wangu." Hakunigombeza. Adhuhuri aliadhini Feruzi, na mimi nilisali safu ya nyuma kama mtu yeyote.

Daktari amemwona tena wiki hii. Anasema pengine atamaliza masika, pengine hatamaliza. Ikifika siku asiweze kuinuka kabisa, nitampeleka mwenyewe na nitasimama hapo mpaka mwisho. Hutapelekewa habari, kwa kuwa uliomba usiletewe.

Miaka yote nimekuita mjinga, mlafi na mshamba, nawe umeniita mengi, na hakuna hata moja nililolimaanisha. Leo ninalo jina moja ambalo ningelimaanisha, na kwa sababu hiyo sikuiti. Usije. Ukipita Shinyanga kwa safari zako, maji ya kunywa utapewa kama msafiri yeyote.

Wako kwa heshima,
Zamoyoni bin Sabiti,
fundi cherehani


Geita, 23 Desemba 1937

Mtani,

Barua yako niliisoma, nikadhani sijui kusoma, nikampa Theonest anisomee kwa sauti. Naye hakuona tusi hata moja. Aliisoma mpaka mwisho, akakunja karatasi akaondoka bila kuniuzia samaki.

Sina la kujitetea. Kabla sijamleta kwako nilimpeleka nyuma ya nyumba na bunduki, mara mbili. Zote mbili aliiona bunduki akajikongoja akasimama, akatikisa mkia. Alidhani tunakwenda kuwinda.

Sikuombi mbwa, na msamaha sikuombi. Lile jina ulilonalo niite. Liandike kubwa, karatasi nzima, na ongeza ya ukoo wangu wote na ng'ombe wetu. Barua uinyime mwanzo na mwisho, uiache bila salamu. Stempu nitalipa mimi.

Ila usiniite Bwana.

Jilala